Mama Mkwe, Mbwa na Mwezi Mpevu

Mama mkwe wangu anasema mwezi ukijaa mbwa hurukwa na akili. Sisemi kwamba ni mwongo. Kwanza, yeye ni mama mkwe, na neno hilo halitajwi karibu na mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Pili, mbwa wangu mwenyewe ndiye aliyempa ushahidi. Ninachosema ni kwamba mwezi ulisingiziwa, nami nilimjua mhusika, nikakaa na siri hiyo kama mtu aliyemeza kifungo cha shati.

Nianze na mbwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyabusozi, na cherehani yangu iko barazani. Mbwa hulala chini yake, karibu kabisa na pedeli, kiasi kwamba mkia wake umebanwa mara nyingi na bado hahami. Mbwa wa majirani hufuata ng'ombe malishoni au huenda kuwinda. Wangu hafanyi hata kimoja. Mwizi akija, nadhani atamsindikiza hadi barabarani asije akapotea. Mke wangu husema nilioa wake wawili siku moja, yeye na mbwa, na kwamba mbwa ndiye anayepewa kipande cha nyama kilichonona. Namjibu kwamba mbwa hajawahi kuniomba nimshonee kitenge. Utani wetu ndio huo, lakini ukweli nausema: nampenda mbwa yule, na ningeshindwa kukaa kwenye cherehani mchana kutwa bila kusikia pumzi zake miguuni.

Sasa mama mkwe. Wazazi wangu walitoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakaja kuweka makazi huku Biharamulo kabla sijazaliwa. Mke wangu ni Mhangaza wa Keza, kule Ngara. Watu wetu hawafanani katika mambo mengi, kuanzia chakula hadi namna ya kucheka, lakini katika suala la wakwe ni kama walikaa kikao kimoja. Mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Nakumbuka safari yangu ya kwanza kwenda Keza baada ya ndoa. Nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda, nikamwona kwa mbali anakuja na jembe begani. Nilimgonga dereva mgongoni asimame, nikaruka, nikazama kwenye shamba la mihogo la mtu nisiyemjua, nimevaa suruali niliyoimaliza kuishona jana yake. Dereva alikuwa mtu wa palepale. Hakuuliza kitu. Alizima pikipiki, akamwamkia mama, akasubiri apite, kisha akaniita nitoke.

Basi fikiria mtu huyo anakuja kukaa kwako.

Hapakuwa na njia nyingine. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, na aliporudi nyumbani alikatazwa kuinua hata ndoo. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki. Nikahamisha marobota yangu ya vitambaa kutoka chumba cha uani, nikaweka kitanda, na mama mkwe akafika kutoka Keza na mikungu ya ndizi, maharage, na kuku aliyefungwa miguu. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nyuma ya choo. "Shikamoo mama," nikasema kutoka huko. "Marahaba," akaitikia, ameuelekea mlango wa jiko. Tukawa tumekaribishana.

Shida ni kwamba nyumba ina mambo madogo madogo. Sabuni imeisha, kuni zimelowa, mlango wa jiko haufungi. Tulitegemea mke wangu atuunganishe, lakini mzazi huyo alikuwa analala, na akiamka ananyonyesha, na akimaliza analala tena. Asubuhi moja nikiwa nashona nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka kwenye kona ya nyumba, na zile l zake ambazo nyingine hugeuka r.

"Wewe mbwa. Mwambie mwenye nyumba maji yameisha. Rakini asikimbie, amalize kwanza anachoshona."

Mbwa akanyanyua sikio moja. Nikamtazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongeleshwa.

"Mwambie mama," nikamwambia mbwa, "naenda kuteka sasa hivi."

"Mwambie asante," kona ikajibu.

Hivyo ndivyo mbwa alivyopata kazi, na aliifanya vizuri kuliko watu wengi wanaolipwa mshahara. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Kila nilipokaa barazani, kona ilikuwa na la kusema. Mara mbwa aniambie mtoto amepata haja, tumshukuru Mungu. Mara mbwa aniambie kuku aliyeletwa kutoka Keza ni wa mchuzi wa mzazi, si wa fundi. Siku moja mbwa aliambiwa anijulishe kwamba suruali niliyoitundika ina mguu mmoja mrefu. Niliudhika, nikaipima kwa siri, nikakuta ni kweli. Nikaanza kushona nimejipanga sawasawa, kwa kuwa nilijua ninakaguliwa kwa nyuma. Polepole nikagundua kwamba kona ikikaa kimya asubuhi nzima, mimi na mbwa wote wawili tunatega masikio.

Kisha mwezi ukajaa.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Biharamulo mjini kununua nyuzi, nikarudi nikakuta nyumba imenuna. Mke wangu akanieleza kwamba jioni ile, mwezi ulipochomoza mkubwa nyuma ya migomba, mbwa alinyanyua pua juu akalia ile sauti ndefu ya kuvuta, ambayo watu wengi wakiisikia huuliza nani mgonjwa. Kesho yake asubuhi kona ilizungumza mapema.

"Wewe mbwa. Wazimu wako wa mwezi sikuujua. Mwambie mwenye nyumba mbwa akiria hivyo penye kichanga ni mkosi."

"Mwambie mama," nikasema, "mwezi umejaa mara nyingi tangu nimfuge, na hajawahi kulia."

"Mwambie wakati ure ulikuwa mtoto. Wazimu huja na utu uzima."

Siku zile kila mteja aliyekuja kupimwa nilimuuliza, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema mbwa huona fisi kwa mbali mwezi ukiwaka, ndiyo maana hulia. Mwingine alisema mwezi huvuta maji ya mwili, na mbwa ana maji mengi kichwani. Mwalimu mmoja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha suruali alisema mwezi hauna habari na mbwa, kisha akasema lakini paka wake mwezi ukijaa halali ndani, na hilo hawezi kulieleza. Niliona kwamba nchi nzima haina msimamo.

Mwezi ukapungua, ukafa, ukaandama. Jioni zote hizo mbwa alilala na kukoroma. Nikajua hesabu inakuja, na kwa kweli niliuogopa ule mwezi. Kila jioni nilitoka nje kuutazama kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa isije ikafurika.

Ulipojaa tena nilikuwepo. Tulikuwa tumemaliza kula, mke wangu amelala na mimi niko ndani napiga pasi gauni la mteja karibu na dirisha la uani. Nikaona mlango wa chumba cha mama mkwe unafunguka. Nilipaswa kugeuza macho, na niligeuza, lakini masikio hayana kope. Alitoka na mtoto mgongoni. Hapo nikaelewa kwamba siku za giza humbembeleza mtoto chumbani kwa kunong'ona, kwa sababu uani kwetu hakuna taa, na huyu mama haogopi kitu duniani isipokuwa nyoka. Mbalamwezi ikiwaka, hutoka. Na akitoka, huimba.

Nyinyi hamjamsikia mama mkwe wangu akiimba. Alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani kwao kwa miaka mingi, na sauti yake ni ya kuita watu walio bonde la pili. Ulikuwa wimbo wa kanisani wa lugha ya kwao. Alianza chini, akapanda, akapanda tena, na alipofika kule juu kabisa na kuanza kuuvuta, mbwa akatoka barazani, akakaa kitako mbele yake kwa adabu, akanyanyua pua, na kuupokea.

Aliupokea vizuri, tena. Hakuwa analia. Alikuwa anaitikia.

Mama mkwe akanyamaza. Mbwa akanyamaza. Akaanza ubeti mwingine, mbwa naye akaanza. Hapo mama akasema kwa Kihangaza maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila yalikuwa na jina la shetani, akaingia ndani na kufunga mlango. Mbwa akabaki ameuelekea mlango ule, akisubiri. Mwezi ulikuwa juu yake lakini hakuwahi kuutazama hata kidogo.

Niliingia chumbani nikamwamsha mke wangu, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Nyamaza, nyamaza, mshono wangu!" Alipopata pumzi nikamwambia, "Sasa wewe ndiye utakayemwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba akiimba anafanana na mbwa?"

"Mwambie mbwa anapenda wimbo."

"Mama yangu ameimba maisha yake yote watu wakitokwa machozi. Mwambie wewe."

"Mimi? Mkwe?"

"Basi tunyamaze wote."

Ndipo alipoacha kucheka, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwaka aliofariki baba yake, mbwa wa jirani alilia hivyo hivyo, mwezi ukiwa umejaa hivyo hivyo, na asubuhi baba hakuamka. Tangu hapo mama hajawahi kuusikia mlio huo akatulia. "Hamchukii mbwa wako," mke wangu akasema. "Anamwogopea mtoto." Niliona aibu, kwa kuwa nami nilikuwa nimecheka sana.

Asubuhi kona haikuzungumza na mbwa. Ilizungumza na mke wangu, kwa sauti ya kunifikia. Mbwa aondoke, ama yeye arudi Keza. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hakulala. Akaongeza kwamba nikimpigia simu mjomba wangu wa Nyamahanga, mfugaji, mbwa atapata kazi ya maana na mapori ya kukimbia. Mjomba alikuwa amenisikia nikimsifu mbwa kwa miaka, na siku zote alimtaka. Nilimpigia mwenyewe. Nilijua mke wangu hawezi kukaa bila mama yake, mshono bado mbichi na mtoto bado mdogo, na mtu hawezi kumpeleka mama mkwe kituoni kwa ajili ya mbwa. Mjomba akasema atapita kesho yake akitoka mnadani, na kamba anayo.

Siku ile nilishona mkono wa shati kwenye shingo. Sitanii. Niliufumua, nikaushona tena palepale. Mbwa alikuwa chini, ametulia, mkia kwenye pedeli.

Jua lilipokuwa linazama na mwezi unachomoza upande wa pili, bado mkubwa, nilijua nina jioni moja tu. Mama mkwe alikuwa jikoni anachochea maharage, mlango wazi. Nikakaa barazani, nimelipa jiko mgongo, nikamwita mbwa na kumshika masikio yote mawili.

"Sikiliza wewe," nikasema, kwa sauti iliyopita kidogo ile ya mazungumzo. "Kesho unakwenda Nyamahanga, kwa hiyo nikuambie kabla hujaondoka. Umenitia aibu. Nani alikuambia wewe ni mwanakwaya? Mtu mwenye sauti yake anamwimbia mjukuu, wewe unajipenyeza na sauti ya pili ambayo hukufundishwa. Huo mwezi watu wanausingizia bure. Siku asipoimba hulii, hata mwezi uwe mkubwa kama sinia. Kama wimbo umekuingia moyoni, si uupokee kimyakimya kama mimi ninavyoupokea dirishani?"

Mwiko uligota kwenye sufuria, kisha ukaacha. Nilikuwa nimekiri kwamba nimemsikiliza mama mkwe usiku, dirishani, na kwamba mbwa huitikia sauti yake. Kwa mila zetu na za kwao, nilikuwa nimevunja vyombo vyote kwa mkupuo mmoja.

Mama mkwe alipakua chakula, akakiacha mlangoni kama kawaida, akaingia chumbani kwake na mtoto. Hakutoka. Mwezi ukapanda juu ya migomba, ua ukawa mweupe, na mbwa akaenda kukaa mbele ya mlango ule akiwa kimya kabisa. Kwa hiyo mwezi ulishinda kesi, ila hapakuwa na wa kunipongeza.

Tatizo likawa mtoto. Alianza kulia, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu zake zote. Alibembelezwa kwa kunong'ona, akazidi. Alishazoea kwamba mwanga ule una wimbo wake. Nami nilisimama ndani ya nyumba yangu siwezi kutoka, mke wangu anajaribu kuinuka na mshono unamzuia, na mama mkwe kule anasita kufungua kinywa kwa ajili ya mlio anaouogopa kuliko kitu chochote.

Mlango ukafunguka. Nikageukia ukuta.

Akaanza kuimba. Chini, kisha juu, na kule juu kabisa mbwa akaupokea. Sauti ya mama ilitetemeka. Nikafumba macho nikisubiri mlango ubamizwe. Hakunyamaza. Aliuendeleza ule wimbo, na mbwa pamoja naye, ubeti baada ya ubeti, na nilisikia miguu yake ikizunguka ua polepole huku sauti ikirudi kuwa imara. Mtoto akanyamaza mahali fulani katikati. Wao waliendelea hadi mwisho. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani machozi yanamtoka, na sikumuuliza ni ya kicheko au ya nini, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua yangu.

Wimbo ukaisha.

"Wewe mbwa," mama mkwe akasema. "Mwambie mwenye nyumba mtoto anapumua vizuri. Amerara." Akakohoa. "Na wewe sauti yako ya piri iko juu mno. Shusha."

Mjomba alipofika kesho yake na kamba, hakuniuliza mimi. Mama mkwe alimwahi getini, akamwamkia, akamweleza kwamba mbwa huyu hafai kwa ng'ombe, ni mvivu, angemtia hasara. Mjomba alirudi Nyamahanga na kamba yake akidhani nimemdanganya miaka yote.

Mama mkwe alikaa hadi mke wangu aliporudi kuinua ndoo, kisha akarudi Keza, kwenye nyumba yake. Kona ya baraza ikawa kona ya kawaida. Mbwa alikaa siku nyingi akiitazama, nami namkumbuka nikimwambia aache upuuzi, ilhali mimi ndiye niliyekuwa napima miguu ya suruali mara mbili bila mtu wa kunikosoa.

Jioni moja mwezi umejaa, simu ya mke wangu ikaita. Ni mama yake. Waliongea ya mtoto, ya mahindi, ya mvua. Kisha mke wangu akanitazama kwa jicho la ajabu. "Anasema nimpe mbwa."

Tukaweka simu sakafuni, spika wazi. Mbwa akainusa. Kutoka Keza wimbo ukaanza, mdogo na wenye mikwaruzo, na mbwa akakaa kitako akaupokea, ameshusha sauti kama alivyoelekezwa. Walipomaliza, mama mkwe akaita.

"Wewe mbwa," akasema. "Huku nimeimba jana na juzi. Mwezi ni ure ure. Hakuna anayeitikia."

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Tangu baba yake afariki, mama hakuwahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, na hakuwa amelisema kwa mtu hata sasa.

Nikachuchumaa karibu na mbwa. "Mwambie mama," nikasema, kwa sauti ya kufika Keza bila simu, "chumba cha uani sikurudisha vitambaa. Mlango wake nimeuhamisha, unatazama migomba, akitoka hatanikuta wala sitamkuta. Na taa ya uani nimeweka, kwa ajili ya nyoka. Akae anavyotaka kukaa."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Mwambie mwenye nyumba nimesikia," akasema. "Nitakuja. Rakini nasubiri kwanza mwezi upungue. Siwezi kusafiri sasa hivi, mbwa wa njiani wote wana wazimu."